Je, ni kweli kwamba michezo ya video huwafanya vijana kuwa wakatili?

Msomaji mpenzi, katika kurasa kama hizi umezoea kusoma kuhusu malaria, kifua kikuu, kisukari na magonjwa ya kuharisha. Leo tuviache vijidudu kando, tuzungumze kuhusu ukatili, yaani tabia ya mtu kumdhuru mwenzake kwa ngumi, rungu, panga au risasi. Usishangae kwamba ni daktari anayeleta habari hii. Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba matumizi ya mabavu ni tatizo kubwa la afya ya umma, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa ripoti nzima kuhusu jambo hilo. Aliyevunjwa mkono huletwa kwetu hospitalini. Aliyeuvunja naye, aghalabu, ana jambo linalomsumbua, ingawa huyo haletwi na mtu.

Hapa Griftu, katika Wajir Magharibi, ninakofanya kazi, lawama siku hizi zinaelekezwa upande mmoja. Kijana akimpiga mwenzake kwa jiwe, akimjibu maalim wa duksi kwa ukali au akikataa kwenda kuchunga mbuzi, utasikia wazee wakisema, "Ni hizi geme." Geme ni michezo ya video, ile inayochezwa kwenye simu au kwenye runinga kwa kubonyeza vitufe. Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Nairobi, Mombasa au Garissa mjini, usidhani kwamba huku kwenye ngamia na vumbi mambo haya hayajafika. Simu zimefika na umeme wa jua umefika. Palipo na umeme na runinga, kijana mwenye akili ya biashara huweka kibanda, akawatoza watoto shilingi chache kwa kila mchezo. Malalamiko ninayoyasikia hapa ni yale yale ya Eastleigh na Kisauni.

Je, lawama hizo ni za haki? Kwa maoni yangu, kuhusu ukatili wenyewe michezo hii inasingiziwa kwa kiasi kikubwa. Sisemi kwamba haina madhara. Ina madhara, lakini si yale yanayotajwa sana.

Watafiti wameona nini?

Lawama hizi zilikomaa nchini Marekani, basi tuanzie huko. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili waliwaua kwa risasi wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado. Ilipojulikana kwamba wote wawili walipenda mchezo uitwao Doom, ambao mchezaji hutembea akipiga risasi kila kinachomjia, watu wengi waliona kwamba jibu limepatikana. Walisahau kwamba mchezo huo ulikuwa umechezwa na mamilioni ya vijana wengine ambao hawakumdhuru mtu. Mwezi wa Aprili 2007 mwanafunzi mmoja aliwaua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech. Wapo waliokimbilia kulaumu michezo ya video hata kabla uchunguzi haujaanza. Uchunguzi ulipofanywa, haukumkuta mpenzi wa michezo hiyo. Ulimkuta kijana aliyekuwa na matatizo ya akili tangu utotoni, ambaye hata hivyo aliweza kununua bastola mbili dukani.

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa njia mbalimbali. Njia ya kwanza ni kuwaita vijana katika maabara, kundi moja likacheza mchezo wa vita na jingine mchezo wa kawaida, kisha kuwapima hasira. Mara nyingi wale wa mchezo wa vita huonekana kuwa wakali kidogo zaidi. Lakini ngoja, mzazi, tuulize ukali huo ulipimwaje. Katika majaribio mengi kijana aliambiwa abonyeze kitufe kitakachompigia mtu asiyemwona kelele masikioni, au ampimie mwenzake pilipili ya kula. Aliyebonyeza kwa muda mrefu zaidi, au aliyetia pilipili nyingi, alihesabiwa kuwa mkali. Sioni kwamba hilo ni sawa na kuchukua panga na kwenda kwa jirani.

Njia ya pili ni kuwafuata watu katika maisha yao ya kila siku. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio ambalo kundi moja la watu wazima lilicheza mchezo wa Grand Theft Auto V kila siku kwa miezi miwili. Huo ni mchezo wa majambazi, wizi wa magari na mauaji, na ni miongoni mwa ile inayolaumiwa zaidi duniani. Kundi la pili lilicheza mchezo usio na mapigano, na la tatu halikucheza chochote. Baada ya miezi hiyo miwili hakukuwa na dalili kwamba wachezaji wa mchezo wa majambazi walikuwa wamezidi kuwa wakali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakatangaza matokeo yao juu ya vijana 1,004 wenye umri wa miaka 14 na 15. Hawakutegemea maneno ya kijana mwenyewe tu. Waliwauliza wazazi kuhusu tabia ya mtoto, na ili kujua mchezo ni wa ukatili kiasi gani walitumia viwango rasmi vya umri. Hawakuona uhusiano wowote kati ya saa za kucheza michezo ya ukatili na tabia ya ugomvi.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa upande wa wenye wasiwasi, kilisema mwaka 2020 kwamba michezo hii ina uhusiano mdogo na vitendo kama kupiga kelele na kusukumana. Papo hapo kikaonya kwamba kuihusisha na mauaji hakuna msingi wa kisayansi, na kwamba kufanya hivyo kunawafanya watu wasahau sababu nyingine. Nimeona nitaje pande zote mbili za kauli hiyo, maana kila mtu hunukuu ule unaompendeza.

Sasa, mbona mzazi anaona kwa macho yake mwenyewe kwamba kijana mgomvi ndiye mpenzi wa geme? Hapa inatubidi tujifunze somo moja la udaktari. Ukame unapozidi huku Wajir, malori ya maji huonekana kwa wingi barabarani, na wakati huo huo watoto wanaoharisha huongezeka. Mgeni asiyejua mambo angesema kwamba malori ndiyo yanayoleta kuharisha. Wewe unajua kwamba ukame ndio ulioyaleta yote mawili. Vivyo hivyo, kijana aliyeacha shule, ambaye baba yake hayupo na ambaye usiku halali, atapatikana kwenye kibanda cha geme kwa sababu hana pengine pa kwenda. Huyo huyo ndiye atakayepatikana kwenye ugomvi. Ukifunga kibanda, kijana bado yupo.

Tukitazama mataifa, jambo hili halipatani na lawama hata kidogo. Japani hucheza michezo ya video pengine kuliko nchi nyingi, na ni miongoni mwa nchi zenye mauaji machache zaidi duniani. Nchini Marekani kwenyewe, uhalifu wa mabavu miongoni mwa vijana ulipungua kwa miaka mingi kuanzia katikati ya miaka ya 1990, wakati ule ule michezo hii ilipokuwa ikienea majumbani. Haya hayathibitishi kwamba michezo inaleta amani. Lakini kama ingekuwa sumu kama inavyosemwa, tungetarajia kuona kinyume chake.

Kabla ya geme kuwako

Mimi ni mtu wa miaka ya arobaini na kitu, na wazee ninaowatibu hapa wameyaona mengi kuliko mimi. Eneo hili la Kaskazini Mashariki lilipitia vita vya shifta kuanzia 1963 hadi 1967. Novemba 1980 watu wa Bulla Karatasi mjini Garissa walichomewa nyumba. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, na mamia wakauawa na askari wa serikali. Kisha, kuanzia 1992 hadi 1995, koo za Wajir zilipigana zenyewe kwa zenyewe kwa sababu ya malisho, maji, siasa za uchaguzi na bunduki zilizovuka mpaka baada ya serikali ya Somalia kuanguka Januari 1991. Nani kati ya waliofanya hayo alikuwa amewahi kugusa mchezo wa video?

Vita vile vya koo vilipozimwa, havikuzimwa kwa kupiga kitu fulani marufuku. Mwaka 1993 akina mama wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza kwa kusisitiza kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua sokoni bila kutishwa. Wakaweka watu wa kufuatilia jambo hilo kila siku. Baadaye wakawafuata wazee, wazee wakakutana, na mwaka huo huo likapatikana Azimio la Al-Fatah. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki mwaka 2011 kufuatia ajali ya barabarani.

Shuleni nako ni vivyo hivyo. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana, na wasichana 19 wakafa. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos, lililotiwa moto na wanafunzi wenzao baada ya hasira zilizohusishwa na kufutwa kwa matokeo ya mtihani. Mwaka 2016, zaidi ya shule 100 zilipochomwa nchini, watu wengi walizungumza juu ya filamu na simu. Mimi ningependa kwanza kusikia habari za mabweni yaliyojaa kupita kiasi, madirisha yenye vyuma na wanafunzi wasiokuwa na njia ya kulalamika wakasikilizwa.

Tabia ya kulaumu kitu kipya si ya leo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walijiita Bills kwa kumwiga Buffalo Bill wa sinema za makauboi, na wakubwa wakasema sinema zimewaharibu. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1954, daktari mmoja wa akili nchini Marekani aitwaye Fredric Wertham aliandika kitabu kizima akidai kwamba vijitabu vya katuni ndivyo vinavyowatia watoto katika uhalifu. Leo mzazi akimwona mtoto wake anasoma katuni hufurahi kwamba walau anasoma.

Mtoto anayecheza vita

Kuna jambo moja ambalo wazazi wa huku huliona na kulielewa kinyume. Mtoto aliyeshuhudia ukatili wa kweli mara nyingi huucheza. Atachonga bunduki ya mti, atawapanga wenzake, atawaamuru walale chini, na atarudia mchezo huo huo siku baada ya siku bila ya kucheka. Sisi madaktari tunalijua hilo tangu zamani. Baada ya watoto 26 kutekwa nyara wakiwa ndani ya basi la shule huko Chowchilla, California, mwaka 1976, daktari wa akili Lenore Terr aliwafuatilia na kueleza jinsi walivyokuwa wakiyarudia mambo hayo katika michezo yao. Katika hali kama hiyo ukatili ulitangulia, mchezo ukafuata. Ukimchapa mtoto wa namna hiyo kwa sababu ya bunduki yake ya mti, utakuwa umemwongezea jambo la pili la kuogopa. Keti naye. Muulize aliona nini.

Tofautisha pia mchezo na mkanda wa kuwavuta vijana. Kuna video ambazo makundi yenye silaha husambaza kwa simu, zikionyesha mauaji ya kweli na kumwita kijana ajiunge nao. Hiyo si geme. Mle damu ni ya kweli, na nyuma yake kuna mtu anayejua jina la kijana, anayempigia simu na kumwahidi pesa, heshima au pepo. Mzazi akiikuta simuni asidhani ni utoto. Tukumbuke vilevile kwamba mmoja wa waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 alikuwa amehitimu masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Na wenye siasa hiyo ya kuua wamewahi kuwageukia wale wanaotazama runinga tu. Julai 2006, huko Dhuusamareeb, Somalia, watu wawili waliuawa kwa risasi kwa sababu ya kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu mjini Kampala yaliwaua zaidi ya watu 70, wengi wao wakiwa wanatazama fainali.

Mambo ninayouliza

Mzazi akiniletea kijana "aliyeharibiwa na geme," mimi huuliza maswali ambayo mara nyingine humshangaza. Kijana anasikia vizuri? Ndiyo, masikio. Mtoto ambaye sikio lake limekuwa likitoa usaha kwa miezi huwa hasikii anapoitwa, akaonekana mkaidi, akapigwa, naye akaanza kupiga. Nimeona kesi za namna hiyo zikipoa kwa dawa ya sikio na subira. Je, amewahi kuanguka akaumia kichwa? Ana kifafa? Anatafuna miraa? Miraa ina kemikali iitwayo kathinoni, inayofanya kazi kwa namna inayokaribiana na amfetamini. Huondoa usingizi, na inapoisha mwilini humwacha mtu na kiwewe na hasira. Mtu aliyetafuna mpaka alfajiri akigombana na nduguye saa tatu asubuhi, usiniambie kwamba ni simu.

Kisha huuliza, nani anapigwa nyumbani? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 juu ya utoto wao. Asilimia 73 ya wanaume na asilimia 66 ya wanawake walisema walipigwa au kudhuriwa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 imekataza adhabu hiyo, lakini msomaji unajua mwenyewe hali ilivyo. Uthibitisho kwamba mtoto anayepigwa mara kwa mara huelekea kuwa mgomvi una nguvu kuliko ule wa michezo ya video. Sijaona wazee wakikutana kuujadili.

Madhara ya kweli

Nilisema kwamba michezo hii ina madhara yake. La kwanza na kubwa ni usingizi. Kijana wa kubalehe anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Anayecheza mpaka saa nane za usiku hufika darasani akiwa nusu mtu, na ukosefu wa usingizi peke yake unatosha kumfanya mwepesi wa hasira. La pili ni kutawaliwa na mchezo. Mwaka 2019 WHO iliuingiza ugonjwa huo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kwamba mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia chakula, sala, masomo na watu, na anaendelea hata anapoona anaharibikiwa. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12 ndipo tuiite ugonjwa. Wanaofika hapo ni wachache.

La tatu linawahusu wenye kifafa. Mwanga unaomwekamweka unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Huko Japani, tarehe 16 Desemba 1997, watoto zaidi ya 600 walikimbizwa hospitalini baada ya kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon. Mtoto mwenye kifafa aonwe na daktari kabla ya kuruhusiwa kucheza. La nne ni pesa. Palipo na geme haikosi kutokea mashine ya kamari karibu yake, na mtoto aliyezoea kutoa shilingi kumi kucheza mpira wa runinga si mbali na kuitoa akitumaini kushinda mia. Hapo ndipo wizi wa nyumbani unapoanzia, na ugomvi unaoufuata.

Watoto wadogo pia nawaweka kando. Mtoto mdogo huiga anachokiona, kama Albert Bandura alivyoonyesha kule Stanford mwaka 1961 kwa watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere, na ndoto mbaya za usiku si jambo dogo kwake. Kasha la mchezo huwa limepigwa chapa ya umri, 3, 7, 12, 16 au 18, na kwenye simu namba kama hiyo huonyeshwa kabla ya kuupakua. Grand Theft Auto V ni wa 18. Mwenye kibanda anayemwachia mtoto wa miaka tisa aucheze anastahili kuulizwa, na wazazi wa mtaa wanaweza kwenda kumuuliza kwa adabu bila kungoja chifu.

Kwa kijana mkubwa, ingia kibandani siku moja uone anacheza nini. Mara nyingi utakuta ni mpira wa miguu. Kubalianeni saa ya kufunga, simu ilale chumbani kwako usiku, na kama amekuwa akiwatishia watu kwa kisu, akiwatesa wanyama, akizungumza juu ya kujiua au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usimpeleke kwanza kwa mwenye kibanda kutafuta wa kulaumiwa. Mlete hospitalini siku hiyo hiyo, aje na mtu anayemwamini.